Hundi za wafungwa hazikutumwa kwa bahati mbaya

Tangu Rais Donald Trump alipotangaza Novemba 2025 kwamba kila mtu, ukiwatoa wenye kipato kikubwa, atapewa walau dola 2,000 kutokana na makusanyo ya ushuru wa forodha, swali la zamani limefufuka Marekani: na wafungwa nao watapata? Fedha ya aina hiyo inahitaji sheria ya Bunge, kwa hiyo jibu litategemea maneno yatakayoandikwa humo. Lakini mjadala umeshaanza, na umeanza vibaya. Nimewasikia hata Waswahili wenzetu waliohamia huko, watu wanaolipa kodi na kufuatilia habari, wakisema serikali isirudie kosa la mwaka 2020, ilipotuma hundi za msaada wa korona magerezani kwa uzembe. Maneno hayo yanasemwa kwa uhakika mkubwa, na si kweli.

Hakukuwa na uzembe. Hundi zile zilikuwa haki ya waliotumiwa, kwa sheria iliyopita katika Seneti bila kura hata moja ya kupinga. Kosa lilitendeka baadaye, pale maofisa wa kodi walipoamua wenyewe, bila kifungu cha sheria cha kusimamia, kwamba mtu aliye gerezani hastahili. Adhabu hutamkwa na hakimu kwa mujibu wa sheria, na ofisi ya serikali haina mamlaka ya kuiongezea kipande kwa kumnyima mfungwa fedha ambayo sheria imempa. Anayetaka mfungwa asipate hundi aende Bungeni, alisemee jambo hilo hadharani, na akubali kuulizwa ni nani hasa anayenyimwa. Na hata huko Bungeni, ambako uwezo wa kumnyima upo, naona haifai utumike. Sababu nitazieleza.

Sheria inayozungumzwa ilisainiwa Machi 27, 2020, korona ikiwa imefunga maduka na viwanda. Ilitoa hadi dola 1,200 kwa mtu mzima na dola 500 kwa kila mtoto anayestahili, na kiwango kilianza kupungua kwa mtu mwenye kipato kinachozidi dola 75,000 kwa mwaka. Wengi waliichukulia kama zawadi, na kwenye hundi za karatasi likachapwa jina la Rais Trump, jambo lililozidisha hisia kwamba kuna mkubwa anagawa. Kisheria ilikuwa unafuu wa kodi ya mapato ya mwaka 2020 uliolipwa mapema: badala ya mtu kusubiri mpaka ajaze hesabu zake za kodi mwaka unaofuata, Hazina ilimtangulizia. Waliotengwa walitajwa mmoja mmoja: wageni wasiohesabiwa kuwa wakazi kwa sheria za kodi, wanaotegemewa na mlipa kodi mwingine, mirathi na amana, na mdai alitakiwa kuwa na namba halali ya hifadhi ya jamii. Mfungwa hakutajwa. Wala haikuwa kwamba watunga sheria walisahau kuwa nchi yao ina magereza. Mwaka 2009, walipotoa dola 250 kwa wanaopokea pensheni na mafao ya hifadhi ya jamii, waliandika kwamba asilipwe ambaye mafao yake yamesimamishwa kwa sababu ya kifungo. Wanajua kuandika kifungu cha namna hiyo wanapokitaka. Mwaka 2020 hawakukiandika.

Mamlaka ya mapato ya Marekani, IRS, ikaanza kulipa kama sheria ilivyosema. Kwa mujibu wa mkaguzi wa Hazina anayesimamia masuala ya kodi, wafungwa karibu 85,000 walilipwa katika wiki hizo za mwanzo, jumla ikiwa takriban dola milioni 100. Ni fedha nyingi ukiitaja peke yake. Awamu ile nzima, hata hivyo, iligharimu kiasi cha dola bilioni 270, kwa hiyo tunazungumzia chini ya senti nne katika kila dola mia. Wakati huohuo ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilibaini kuwa malipo karibu milioni 1.1, yenye thamani inayokaribia dola bilioni 1.4, yalikwenda kwa watu waliokwishafariki. Huo ndio uliokuwa uzembe wenyewe, na ulikuwa mkubwa mara kumi na zaidi. Kisha Mei 6, IRS ikaongeza kwenye ukurasa wake wa maswali na majibu mistari michache: hundi ya marehemu irudishwe, na hundi ya mfungwa irudishwe. Hakukuwa na kanuni iliyotangazwa, umma haukuulizwa, na sababu haikuelezwa. Kilichotajwa tu ni kifungu cha Sheria ya Hifadhi ya Jamii, kile kinachosimamisha pensheni za watu waliofungwa, ambacho hakihusu unafuu wa kodi hata kidogo. Maofisa wa magereza katika baadhi ya majimbo, Kansas na Idaho yakiwemo, walithibitisha kuwa IRS iliwaomba wazizuie hundi zikifika na kuzirudisha.

Kwa mtu aliye nje, mistari ile michache inaweza kuonekana kama jambo dogo la kiofisi. Kwa aliye ndani ilikuwa ni serikali kubadili nia usiku mmoja. Agosti 2020 ikafunguliwa kesi kwa niaba ya wafungwa wote wa nchi nzima, katika mahakama ya shirikisho ya Kaskazini mwa California, dhidi ya Waziri wa Fedha Steven Mnuchin na IRS. Jaji Phyllis Hamilton alitoa zuio la muda Septemba 24, na Oktoba 14 akaifanya amri hiyo kuwa ya kudumu. Hukumu yake haikujengwa juu ya huruma. Ilisoma orodha ya waliotengwa na sheria, ikaona wafungwa hawamo, ikauliza ofisi ya kodi ilipata wapi madaraka ya kuongeza jina kwenye orodha ya Bunge, na jibu halikupatikana. Nimesikia watu wakiiita hukumu ya kuwadekeza wahalifu. Ukiisoma hukuti hata sentensi moja ya kumdekeza mtu. Ni hukumu ya kuirudisha ofisi ya serikali ndani ya mipaka yake, na mfungwa aliyenufaika nayo ndiye ambaye mara nyingi hana mtu wa kumsemea ofisi inapovuka mipaka hiyo.

Kushinda kesi ni jambo moja, kuipata hundi ni jingine. Ambaye kipato chake kilikuwa kidogo na hakuwahi kuwasilisha hesabu za kodi alitakiwa ajaze fomu 1040 ya karatasi, aandike kwa mkono "EIP2020" juu ya ukurasa wa kwanza, na fomu iwe imegongwa muhuri wa posta kabla Novemba 4 haijapita. Kutoka siku ya amri ya kudumu mpaka siku hiyo ni wiki tatu. Mwenye intaneti alipewa hadi Novemba 21, lakini mfungwa hana intaneti ya kujazia kodi. Hebu tazama wiki hizo tatu zilikuwaje katika gereza lililofungiwa kwa sababu ya korona, ambako kwenda maktaba kumesitishwa na barua inakaa siku kadhaa ikisubiri kukaguliwa.

Hundi ikishatoka Hazina nayo ina safari yake. Kwa wafungwa wa magereza ya shirikisho, fedha kutoka nje haipelekwi gerezani. Inatumwa kwenye sanduku moja la posta lililopo Des Moines, Iowa, ikiwa na jina kamili la mfungwa na namba yake ya usajili yenye tarakimu nane. Noti hazipokelewi. Hundi ya mtu binafsi hairuhusiwi. Hundi ya Hazina ya Marekani inaruhusiwa, na imetajwa waziwazi kwenye maelekezo. Maana yake utaratibu wa magereza wenyewe uliiwekea hundi ya serikali mlango wa kuingilia, nao haukuwekwa kwa ajili ya korona. Fedha inaingia kwenye akaunti ya mfungwa inayosimamiwa na gereza, na yeye haoni noti hata moja. Anachoweza ni kununua kwenye duka la gereza, kulipia simu, kuomba idhini ya kutuma nyumbani, na kukatwa madeni. Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu picha iliyomo vichwani mwa wengi ni ya mtu aliyekaa selo akihesabu mabunda, na hasira nyingi juu ya suala hili imejengwa juu ya picha hiyo.

Kuna mkanganyiko mwingine, na huu ndio umeharibu mjadala kuliko yote. Novemba 24, 2020, waendesha mashtaka wa kaunti za California, wakiongozwa na Anne Marie Schubert wa Sacramento, walitangaza kuwa wamegundua maombi yasiyopungua 35,000 ya mafao ya ukosefu wa ajira yaliyowasilishwa kwa majina ya wafungwa wa jimbo hilo, na kwamba zaidi ya dola milioni 140 zilikuwa zimelipwa. Yalikuwemo majina ya waliohukumiwa kifo. Ule ulikuwa wizi. Mafao ya ukosefu wa ajira hulipwa kwa mtu aliye tayari na anayeweza kufanya kazi kesho akiitwa, na mfungwa kwa hali yake hawezi kuitwa. Maombi mengine yaliwasilishwa na watu wa nje waliotumia majina ya wafungwa, mengine na wafungwa wenyewe wakishirikiana na jamaa. Habari hiyo ilivuma wiki chache tu baada ya amri ya Jaji Hamilton, na tangu hapo watu wanasimulia mambo mawili kana kwamba ni moja: hundi halali iliyoamriwa na sheria na wizi uliofanywa kwenye mfuko mwingine kabisa, unaoendeshwa na jimbo, wenye masharti mengine kabisa. Ukimwuliza mtu anayelalamika kuhusu hundi za wafungwa akutajie mfano, mara nyingi atakutajia California. Siwalaumu wasomaji wa kawaida. Nawalaumu wanasiasa wanaojua tofauti na wakaacha mkanganyiko uendelee kwa sababu unawafaa.

Na wanasiasa wameutumia vizuri. Machi 2021, Seneti ilipokuwa ikijadili awamu ya tatu, ya dola 1,400, Seneta Bill Cassidy wa Louisiana alileta marekebisho ya kuwaondoa wafungwa. Yalishindwa kwa kura 49 dhidi ya 50. Seneta Tom Cotton wa Arkansas, aliyeyaunga mkono, akatangaza kuwa Dylann Roof, aliyeua waumini tisa kanisani Charleston mwaka 2015, na Dzhokhar Tsarnaev, mlipuaji wa mbio za marathoni za Boston, watapokea hundi. Kwa Tsarnaev aliyosema yalitimia. Lakini sheria ya Machi 2020, iliyotoa hundi kwa wafungwa haohao, ilipita kwa kura 96 bila ya kupinga, na Cassidy na Cotton wote wawili waliipigia kura. Ile ya Desemba 2020, iliyotoa dola 600 baada ya mahakama kuwa imeshatamka kwamba wafungwa wamo, ilipita kwa kura 92 dhidi ya 6, na wote wawili waliiunga mkono tena. Kwa Desemba hakuna wa kusema hakujua. Uchungu wa watu wa Charleston na Boston ni wa kweli, na hawakustahili kugeuzwa silaha ya kupigania kura wiki kumi baadaye.

Hata hivyo hoja ya waathirika wa uhalifu ndiyo hoja nzito kuliko zote upande ule, nami naichukulia kwa uzito wake. Tsarnaev alikuwa anadaiwa fidia ya zaidi ya dola milioni 101 aliyoamriwa kuwalipa waliojeruhiwa na jamaa za waliouawa. Alipopokea dola 1,400 Juni 2021, kwa nini zikae kwenye akaunti yake hata siku moja? Larry Nassar, daktari aliyewadhalilisha wasichana wa mchezo wa jimnastiki, alipitisha zaidi ya dola 12,000 kwenye akaunti yake ya gerezani, zikiwemo dola 2,000 za hundi za korona, huku akiwa amelipa takriban dola 300 tu kati ya fedha alizoamriwa na mahakama. Msichana aliyeumizwa na mtu yule ana haki ya kukasirika, na mimi nakasirika naye. Lakini angalia hesabu hiyo vizuri. Katika dola zile 12,000 na ushei, hundi za serikali zilikuwa 2,000. Zilizobaki, zaidi ya 10,000, zilitoka kwingine, na hazikuguswa. Ungemnyima hundi, waathirika wasingepata hata senti zaidi; zile 2,000 zingebaki Hazina. Kilichokosekana ni ukusanyaji wa fidia. Sheria ya shirikisho tayari inamtaka mfungwa mwenye deni la fidia anayepata fedha ya maana kutoka chanzo chochote aielekeze kwenye deni hilo, na Januari 2022 waendesha mashtaka wa Boston waliitumia kuomba mahakama ichukue fedha za Tsarnaev. Anayemjali mwathirika kwa dhati anapaswa kutaka hundi itoke na ifike kwake. Hundi iliyozuiwa mlangoni haimfidii mtu.

Hoja ya pili inasema fedha ile ilikuwa ya kuwasaidia waliopoteza kazi na kuchangamsha biashara, na mfungwa hakupoteza kazi. Ina mantiki kiasi, ila haiendani na sheria iliyopitishwa. Mstaafu wa Florida mwenye pensheni isiyotikisika alipata hundi yake nzima. Mtumishi wa serikali aliyeendelea kupokea mshahara kamili akiwa nyumbani alipata. Hakuna aliyeulizwa alipoteza nini. Kipimo kilikuwa kipato, na kwa kipimo cha kipato mfungwa yuko chini kabisa. Halafu kuna jambo linalosahaulika tunapotamka kwamba mtu "yuko ndani": magereza na mahabusu za Marekani yana watu karibu milioni mbili, na katika mahabusu za kaunti walio wengi hawajahukumiwa. Wengi wao wapo kwa sababu hawana fedha ya dhamana. Watu wa namna hiyo walipoteza kazi kweli, na kodi ya nyumba nyuma yao haikusimama.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: mfungwa anapata kila kitu bure, chakula, malazi, matibabu, fedha ya nini? Anayesema hivyo hajawahi kuwa na ndugu gerezani Marekani. Texas haiwalipi wafungwa wake kwa kazi za kawaida za gereza, wafue, walime, wapike. Georgia na Arkansas vivyo hivyo. Kwenye magereza ya shirikisho kazi ya kawaida inalipwa kati ya senti 12 na 40 kwa saa. Wakati huohuo Texas, tangu mwaka 2019, inamtoza mfungwa mwenye fedha kwenye akaunti dola 13.55 kwa kwenda kumwona daktari kwa ombi lake mwenyewe. Mtu asiyelipwa senti kwa kazi anatozwa dola kumi na tatu kwa kikohozi. Fedha hiyo inatoka wapi kama si kwa mama yake? Sabuni ya ziada, dawa ya meno, stempu, soksi, supu ya tambi ya usiku kwa kuwa chakula cha jioni hutolewa mapema, vyote hivyo ni vya kununua. Martha Wright, bibi wa Washington aliyekuwa kipofu na hivyo asingeweza kusoma barua za mjukuu wake aliyefungwa, alikwenda mahakamani mwaka 2000 kulalamikia bei ya kuzungumza naye kwa simu. Sheria yenye jina lake ya kudhibiti bei hizo ilisainiwa Januari 2023, yeye akiwa ameshafariki miaka kadhaa. Gereza la Marekani kwa sehemu kubwa linalishwa na wanawake maskini walio nje: mama, bibi, dada, mke. Dola 1,200 zilipoingia kwenye akaunti ya mfungwa, mtu wa kwanza kupumua alikuwa mwanamke mmoja wa aina hiyo, ambaye mwezi ule hakulazimika kuchagua kati ya kumtumia mwanawe na kulipa umeme.

Fedha hiyo hufika kwa watoto pia, tena kwa njia rasmi. Bunge lilipoikinga hundi ya awamu ya kwanza dhidi ya madeni ya serikali, liliacha mlango mmoja wazi: matunzo ya watoto. Baba aliye gerezani na anayedaiwa matunzo, hundi yake iliweza kukatwa na kupelekwa kwa anayewalea watoto wake. IRS ilipoamua kwamba mfungwa hastahili, iliwafungia mlango huo na watoto hao, ambao hawajafungwa kwa kosa lolote. Kuna na fedha ya siku ya kutoka. California humkabidhi anayeachiwa dola 200, kiwango kilekile kilichowekwa mwaka 1973. Kwa dola 200 za leo mtu analipa basi, ananunua suruali na simu ya bei ya chini, na imekwisha kabla hajapata pa kulala. Mwenye dola 1,200 alizozitunza kwenye akaunti anaweza kuweka amana ya chumba. Sihitaji kumpenda mtu huyo ili nione kwamba jirani zake wako salama zaidi akiwa na chumba.

Kuhusu pensheni, ni kweli kwamba Marekani huzisimamisha za wafungwa. Bunge lilianza mwaka 1980 na wenye mafao ya ulemavu, na mwaka 1983 likaongeza wastaafu. Mafao husimamishwa kwa mtu aliyehukumiwa na kukaa ndani zaidi ya siku 30 mfululizo, na hurudishwa akitoka. Tena mke na watoto wanaolipwa kupitia jina lake huendelea kulipwa yeye akiwa ndani. Sikubaliani na kila kitu katika utaratibu huo, lakini ulitungwa na wenye mamlaka ya kutunga, una masharti yanayojulikana, unamtofautisha aliyehukumiwa na anayesubiri kesi, na unaikumbuka familia. IRS ilikwapua kipande kimoja cha utaratibu huo, kile cha kunyima, ikakipeleka mahali ambako Bunge halikukipeleka, na ikaiacha sehemu inayolinda familia.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuona haya ni ya Wamarekani na wafungwa wao. Amri ya Jaji Hamilton iliwahusu raia na pia wakazi wa kudumu, yaani wenye grini kadi, na miongoni mwao wamo Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania. Kwa mhamiaji jambo hili lina uzito wa peke yake, kwa sababu yeye ndiye huwa wa kwanza kuongezwa kwenye orodha ya wasiostahili ofisi zinapojipa ruhusa ya kuongeza. Kanuni yenyewe tunayo nyumbani, na imeandikwa vizuri kuliko ilivyoandikwa huko. Ibara ya 51 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema mtu aliyefungwa anabaki na haki zake zote za msingi isipokuwa zile ambazo ni wazi haziwezi kuendana na hali ya kufungwa. Kutembea atakako hakuwezi kuendana na kifungo. Kupokea fedha ambayo sheria imempa kila mlipa kodi wa kipato chake, ikaingia kwenye akaunti inayosimamiwa na gereza, kunaendana nacho bila shida yoyote.

Kwa hiyo zikija dola 2,000 au kiasi kingine chochote, swali la wafungwa lisiachwe kwenye ukurasa wa maswali na majibu wa ofisi ya kodi. Sheria itamke kwamba wamo. Itamke pia kwamba kwa aliyeamriwa na mahakama kulipa fidia au matunzo, sehemu inayojulikana ya hundi iende huko moja kwa moja kabla haijagusa akaunti yake, na gereza lisijikatie ada zake katika fedha hiyo. Mahabusu ambaye hajahukumiwa asikatwe chochote ambacho asiye mahabusu hakatwi. Na fomu za kudai zipelekwe magerezani kwa karatasi, zikiwa na bahasha iliyolipiwa stempu, miezi kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho.